Wimbo wa Tatu Ni wa Kaka

Asubuhi ile msichana alikuwa anapiga pasi sketi yake ya shule, simu kaiegemeza kwenye kopo la sukari, albamu mpya ya rapa Mkongwe inacheza. Darasani hasemi mpaka aitwe, lakini kwenye simu ana maoni, na rapa yeyote akitoa albamu yeye huichambua wimbo kwa wimbo.

Wa kwanza aliuandikia: "Tarumbeta nyingi, maneno haba. Mzee anatuambia yeye ni mkubwa. Tulishasikia tangu hatujazaliwa." Wa pili: "Binti wa kiitikio kabeba wimbo mgongoni, na Mkongwe kapanda juu yake."

Wa tatu ulipoanza, kaka yake alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, ukafuata mistari neno kwa neno bila kutoa mlio. Mlio ulikuwa kwenye simu, na mkwaruzo wake uleule.

"Si ndiyo sauti yako hiyo?" mama akauliza kutoka jikoni.

Kaka akaitikia kwa kichwa, mdomo ukiendelea.

"Nilijua haijafa. Haya, angalia wembe huo."

Sauti kaka aliiacha studio mwaka jana. Mkongwe alimwita akajaribishe mistari yake. Aliingia anaongea, akatoka kimya. Mtu wa mitambo akasema wasubiri kidogo, bado inasafishwa. Wakasubiri. Majirani wakasema ukienda kwa wakubwa lazima uache kitu mlangoni, wengine huacha viatu. Kaka akarudi saluni kwake, akawa ananyoa watu kwa lugha ya nyusi, na wateja wakaongezeka, maana kinyozi asiyekubishia mpira utampata wapi.

Wa nne ulikuwa wa Mkongwe mwenyewe, sauti kama geti lililokosa mafuta. Msichana akauandikia: "Huu wake. Unajieleza."

Kisha wa tano, sauti ya kaka tena. "Niwashieni kibiriki, nimwone aliyenizimia taa."

Pasi ikasimama. Sketi ikaanza kunuka. Kibiriki ni neno lake yeye. Alipokuwa mdogo alishindwa kusema kiberiti, kaka akamcheka mpaka nyumba nzima ikawa inaita hivyo, na nje ya vyumba vile viwili halijawahi kutoka. Sasa mashabiki walikuwa wanalifafanua chini ya wimbo. "Kibiriki ni birika dogo la mawazo yanayochemka," kaandika mmoja. "Huyu mzee ni chuo kikuu." Mwingine: "Kiswahili cha mababu hicho. Watoto wa siku hizi mtajulia wapi?"

Akaandika: "Kibiriki ni kiberiti. Nililikosea mimi, meno hayajaota vizuri."

"Mtoto, kalale," wakamjibu, na vicheko chini yake.

Mchana mtaa mzima ulikuwa unaipiga albamu hiyo. Duka la jirani likiupiga wa tatu, kaka hafungi mdomo, chakula kinamwangukia mapajani. Nje ya saluni ikapita pikipiki yenye redio inayoupiga, na mteja akatoka na mstari wa kipaji umepinda.

"Aisee kinyozi, unaninyoa au unaimba?" akalalamika.

Mama alihamisha kiti cha kaka mbali na dirisha. "Atazoea. Wimbo nao huchoka."

Msichana hakuzoea. Hasira zilimpanda. Jioni zikamzidi alipofika wimbo wa mwisho, ule wa shukrani. Mkongwe alimshukuru Mungu, akawashukuru mashabiki, halafu akasema, "Na wewe sauti yangu, hukunitupa mpaka uzeeni." Alisema hayo kwa sauti ya kaka. Kaka alikuwa amekaa mezani, na mdomo wake ukalazimika kushukuru naye, herufi kwa herufi.

Wimbo huo msichana hakuuandikia maoni. Alifungua ukurasa wa Mkongwe, akaingia sehemu ya ujumbe, akaandika: "Wewe mwizi." Akamwonyesha kaka. Kaka akapandisha unyusi mmoja, kama anavyompandishia mteja anayeingia saluni bila kusalimia.

"Mwizi ndiyo," mama akasema akichungulia begani, "lakini kakuzidi umri. Msalimie kwanza. Usije ukasemwa hukufunzwa."

"Mama, nimwamkie? Huyu?"

"Umwamkie. Aibu iwe yake peke yake."

Akafuta. Akauma meno, akaandika upya: "Shikamoo. Kwenye wimbo wa tatu, wa tano na wa mwisho umetumia sauti ya kaka yangu. Yuko hapa, anaitaka."

Akatuma. Papo hapo ikaonyesha imesomwa.

Nje mtu akaurudisha wa tatu mwanzo. Kaka akaweka kijiko chini, akafungua mdomo. Kitone cha kijani kilikuwa bado kinawaka pembeni ya picha ya Mkongwe, yupo, anaangalia. Hakujibu kitu. Hata marahaba.