Besi ya Anania

Tajiri alitoa ruhusa moja tu: kati ya madereva wake, Anania na Shadrack, mmoja aende nyumbani, mwingine abaki Tunduma kulinda malori yote mawili kwenye foleni ya mpaka. Shadrack alitaka kuvuna mahindi yake Chitete. Anania alitaka kufika Mbebe, kwa sababu kesho mwanawe anabatizwa, na yeye hajawahi hata kumbeba. Wakakaa chini ya tela, wakacheza poka kwa maharage. Atakayekuwa na maharage mengi zaidi magari ya abiria ya saa tisa yakifika, ndiye msafiri.

Anania alichapwa vibaya. Akipata karata nzuri, Shadrack anatupa zake mapema. Akipata mbovu, Shadrack anapandisha dau.

"We jamaa mchawi?"

"Mchawi pua yako," Shadrack akacheka, utamu wa ushindi umeshampanda kichwani. "Ukishika karata nzuri unavumisha besi. Kwaya nzima inajua."

Domo hilo! Wameimba kwaya moja miaka sita, na siri kama hiyo anaimwaga bure.

Mgao uliofuata Anania akapata takataka: mbili, nne, saba, tisa, kumi, rangi mchanganyiko. Akafurahi: sasa angeweza kujifanya ana karata nzuri. Lakini akivumisha waziwazi atajulikana anazuga. Akaweka dau dogo, akabana midomo, akaachia besi kidogo tu, kisha akakohoa kuificha. Shadrack, mwenye wafalme wawili, alikuwa ameshasukuma nusu ya maharage yake. Anania akasukuma yake yote, na besi ikamtoka tena.

Hapo mdomo wa Shadrack, kwa mazoea tu, ukadaka sauti ya tatu, ile anayoimba kwenye kwaya. Wakaimba ubeti mzima wakitazamana. Diana muuza chai akatua chupa yake, akaingia na sauti ya kwanza.

"Bwana, umeshiba karata leo," Shadrack akasema, akatupa wafalme wake ili abakize maharage ya mgao ujao.

Anania akazoa dau lote, lundo lake likalipita la mwenzake, na hapo honi ya gari la Ileje, linalopita Mbebe, ikalia. Anania akafunua takataka zake, akakimbia. Nyuma yake Shadrack alikuwa amelala chali, akicheka na kumtukana kwa upendo.

Jioni, Mbebe, mkewe Witness aliisikia besi kabla hajamwona mtu. Akatoka na mtoto, akamkabidhi Anania. Anania akaendelea kuvumisha, na safari hii hakuwa anamzuga mtu.