Pikipiki ya Lufeyo Isiyo na Namba

Lufeyo alikuwa anatoka kusaga mahindi, mama mkwe wake Nasibeko amekaa nyuma, na kati yao gunia dogo la unga, maana mtu hagusani na mama mkwe wake. Pikipiki haikuwa na namba. Miezi saba alikuwa anakwenda ofisini mjini kuisajili, leo anaambiwa fomu zimekwisha, kesho aje na aliyemuuzia, na huyo alishahamia Afrika Kusini. Watoto wanakula kwa hiyo pikipiki, basi akaendelea kubeba abiria.

Kwenye barabara ya Kasungu wakakuta matawi mabichi yamelazwa njiani. Kuna msiba. Lufeyo akashuka, akavua kofia, akaisukuma pikipiki polepole kama afanyavyo kila mwenye adabu. Mama mkwe alitaka kushuka naye, goti likamkatalia.

Pikapu nyeupe ikaja nyuma yao. Haikupunguza mwendo, ikayakanyaga matawi, ikaigonga pikipiki ubavuni. Mama akaanguka, mguu ukabaki chini ya injini. Lufeyo aliinua chuma tu. Kumbeba mama hakuweza, wakaja wanawake wa msibani, unga wa kupikia wafiwa umewajaa vilemba. Mguu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mwenye pikapu, mnunuzi wa tumbaku, hata hakushuka. Alipiga simu. Askari akafika upesi, upesi ambao haukuonekana siku ng'ombe wa kijiji walipoibwa. Wakazungumza dirishani, wakacheka, pikapu ikaenda zake.

Wafiwa walieleza walichoona, mmoja mmoja. Askari hakuandika neno. Aliizunguka pikipiki, akainama pale namba ilipotakiwa kuwa, akauliza imesajiliwa wapi. Lufeyo akaeleza habari za ofisi.

"Basi kisheria haipo barabarani," askari akasema. "Kitu kisichokuwepo kinagongwaje, bwana?"

"Mguu wa mama upo, afande," akasema mwanamke mmoja.

Askari akaandika, akamsomea Lufeyo: mwendeshaji alianguka mwenyewe, hana madai na mtu. Akisaini, achukue pikipiki ampeleke mama hospitali. Asiposaini, pikipiki inakwenda kituoni. Lufeyo alizijua za kituoni. Zimepangwa nyuma ya jengo, hazina tairi, hazina injini, majani yameota katikati ya vyuma.

Akamtazama mama mkwe kwenye mkeka, ameuma kona ya kitenge asilie mbele ya mkwewe. Kazi yenyewe ni hiyo pikipiki, na hospitali iko mbali. Akasaini.

"Andika na mguu wangu, mwanangu," Nasibeko akamwambia askari, sauti ya chini. "Andika umejivunja."

Askari akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Jua lilikuwa kali. Akavua kofia, akajifuta jasho, akawaomba wanawake maji ya kunywa.

Mtungi ulikuwa hapo mlangoni pa nyumba ya msiba, kando ya barabara, na kikombe juu yake. Hakuna aliyeinuka.