Vidole Vilivyoachwa Nje

Stella Kiden alianguka kwenye bodaboda akitoka Arua kurudi kwake Koboko, akavunjika mkono wa kulia, mkono wake wa cherehani. Mumewe Anguyo, aliyewahi kukaa siku nzima kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza pale Ediofe kwa ajili ya soda na fulana, safari hii alifanya kweli. Alitafuta mabanzi mawili ya kuwa gango, akayatandika matambara, akafunga kwa kitenge toka kiwiko hadi kiganja. Vidole aliviacha nje, avipapase kuona kama vimepoa.

Daktari wa Koboko aliliacha gango palepale mpaka uvimbe ushuke. "Mfupa umekaa vizuri. Ukihama, cherehani sahau. Usitikiswe."

Anguyo aliieneza habari hiyo mtaa mzima, hasa ile sehemu ya sifa zake.

Basi wakaja watu wa pole. Na huko, pole isiyoshikana mikono si pole. Vile vidole, vimechomoza kwenye kitenge, vilikuwa kama vimetengewa wageni. Mogga, jirani mwenye duka, alivitikisa kwa upendo. "Pole sana, mama. Iko inauma?" Kabla hajafika ilikuwa haiumi. Katekista alivitikisa, akaomba, akavitikisa tena baada ya amina. Kiden aliona nyota mchana. Aliogopa kweli: mkono ule ukiharibika, watoto wangekula nini, fulana ya mafunzo?

Jumamosi akaingia mama mkwe kutoka Ayivu, ambaye siku zote hutoa mkono kiupandeupande, kwa maringo, Kiden alivyodhani. Akautoa.

Kiden akamtazama mumewe, bingwa wa magango.

"Salimia kidogo tu," Anguyo akanong'ona. "Ni mama."

Hasira zikampanda. Akatoa mkono wa kushoto.

Mkwe kupewa kushoto! Mama mkwe akalitazama gango, akamtazama mwanawe, kisha akapandisha mkono wa gauni lake. Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda, kimekauka hivyohivyo.

"Hii ilivunjika mwaka ile nilikuja kuolewa," akasema. "Nilisalimia watu yote. Walisema huyu bibi iko na heshima."

Akaushika ule wa kushoto kwa mikono yake yote miwili. Kiden akalia, na mara hii si kwa maumivu.

Kisha mama mkwe akavuta kiti mpaka mlangoni, na kila mgeni aliyekuja kutoa pole akakutana na mkono wake yeye.

"Na wewe, daktari," akamwambia Anguyo, "leta chai."