Maili Kumi na Sita za Bwana wa Boma

Mwaka wa 1910 Bwana wa boma letu la Amu alimfunga Gharib miezi mitatu kwa kukataa kumbeba mgongoni kutoka mashuani hadi nchi kavu, Bwana asilowe viatu. Wengine wamesahau. Mimi sijasahau hata rangi ya viatu.

Harusi ya Gharib na Swafiya wa Siyu ilikuwa Ijumaa, naye angali kifungoni ngomeni. Baba wa Swafiya, Bwana Abdulghafur, alishatoa neno: Ijumaa ikipita bila nikaha, binti ataozwa binamu yake wa Faza. Mimi rafiki yake nikaenda bomani kumwombea Gharib ruhusa.

Bwana akaweka rula juu ya ramani. "Amu mpaka Siyu maili kumi na sita. Kwetu, mwaka jana, mtu ameruka bahari pana kuliko hiyo kwa chombo cha mbawa, hata saa moja haikutimia. Nyinyi nawapa kutwa nzima, kwenda na kurudi. Jua likizama hajarudi, naongeza miezi mitatu."

"Bwana, ndia ya Siyu haina mbawa. Inapita mlango mwembamba wa bahari wa Mkanda, na Mkanda ukipwa hupita kaa tu."

"Ramani imepakwa buluu pale. Buluu ni maji."

Ijumaa alfajiri tukaondoka: mimi na upondo wangu wa kusukumia mashua, Gharib na kanzu yake ya harusi, na Barka, askari wa kumlinda, aliyefuata biriani. Saa tatu maji yakatukimbia. Mashua ikakaa topeni katikati ya Mkanda kama kuku juu ya mayai.

"Haya, ruka!" Barka akamcheka Gharib.

Gharib hakucheka. Maji yangerudi alasiri, na alasiri ingetosha kurudi Amu tu. "Swafiya ameniponyoka," akasema.

Mara tukaona mashua nyingine imekwama mbele yetu, na mzee anashuka, kanzu kaikunja magotini, anatujia juu ya tope huku akituita wapumbavu. Bwana Abdulghafur!

"Naliposikia mmepewa siku moja nalijua hamfiki. Nti hii huyo Bwana haijui! Lakini nikaha yataka nini? Baba, mume, mashahidi wawili. Swafiya yuko nyumbani anasukwa, na ameniambia, 'Baba, kama hujaniozesha, usirudi.' Vaa kanzu!"

Wakashikana mikono, tope hadi vifundoni. Mashahidi tukawa mimi na Barka, bunduki begani.

"Nimekuoza binti yangu Swafiya."

"Nimekubali kumuoa."

Tukala halwa aliyokuja nayo mzee, kwa vidole vya tope. Kwa kukosa wanawake, mzee akapiga vigelegele mwenyewe.

Tulipomrudisha Gharib ngomeni, jua lilikuwa bado juu ya Mokowe, magharibi yetu. Wafungwa walipoiona kanzu ile wakapiga sahani za bati kama ngoma, wakamwimbia bwana harusi. Wimbo ukatoka madirishani hadi sokoni, wanawake wa mtaani wakaitikia. Bwana akatoka akaamuru kimya. Nani amsikie? Aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Barka.