Prosesa ya Mundhir na Barafu Yake

Kaka yangu Mundhir ana ugonjwa mmoja: akiona kompyuta inafanya kazi vizuri, hapati usingizi. Mimi nahariri video za harusi, zile za ukumbi wa wanawake, na mashine yangu mpya, prosesa ya kizazi cha kumi na nne, ilinitosha na kubakia. Yeye akadai imelala tu. Akaipandisha kasi kupita kiwango chake, akaipima kwa programu ya majaribio, akailinganisha na ile kuukuu ya kizazi cha nne ambayo mama huweka juu yake kikapu chake cha ushoni. Kisha akapeleka alama barazani kwa wenzake, utafikiri mtoto wake kafaulu mtihani.

"Basma, hii inaipita ile mbali kabisa!"

"Video ya Reem naitaka tayari Ijumaa. Usinichezee."

"Hujui kitu wewe. N'taitia barafu ipoe, niipandishe tena."

Reem ni binti ya ami yetu. Aliwaalika wanawake kwao Mbweni, Ijumaa baada ya alasiri, waitazame harusi yake. Kwenye video hiyo wanawake wamevua mabuibui na kujipamba, hakuna mwanamume wa studio anayeweza kupewa kuihariri. Kazi hizo huja kwangu kwa sababu hiyo. Nikiharibu moja tu, hakuna bibi harusi atakayeniamini tena, na hilo nililiogopa kweli.

Jumatano niliiacha mashine ikiitoa video ya Reem iliyokwisha kuhaririwa, kazi ya saa nyingi, nikaenda sokoni. Kurudi, namkuta Mundhir kafungua kava la ubavuni, kaning'iniza ndani mfuko wa barafu alioufunga kwa kanga ya mama. Katika nyumba yetu ya Malindi, ambamo hata chumvi huloana mkebeni! Chuma kilitoka jasho, matone yakashuka juu ya bodi. Skrini ikazimika mbele ya macho yangu.

"Lakini joto lilishuka vizuri," akasema.

"Sasa imepoa moja kwa moja," nikamjibu. Nililia kwa hasira, wala sioni haya kusema.

Kadi za kamera zilikuwa salama kabatini. Nikaondoa kikapu cha mama, nikaipangusa ile kuukuu, nikaanza upya. Ilinguruma kama cherehani Alhamisi kutwa, mimi pembeni naiombea dua. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, ikamaliza.

Kule Mbweni vigelegele vilianza Reem alipotokea tu kwenye skrini. Mama yake akanishika mkono asiuachie. Bibi mmoja akanitaka harusi ya mwanawe hapo hapo. Nikapumua.

Mara mlango ukagongwa. Nikaufungua kidogo. Alikuwa Mundhir, kageuza uso pembeni kwa adabu.

"Ile ya zamani imechukua muda gani?" akanong'ona.

"Imemaliza."

"Najua, lakini kwa saa..."

"Barafu niliyokuagiza umeleta?"

Akanipa mfuko wa barafu, ile iliyobakia kwenye friza baada ya majaribio yake. Nikafunga mlango, nikaitia yote kwenye juisi ya ukwaju. Ilipoza vizuri sana.