Aliyeziba Pua ya Kompresa

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Nina mnyama, hali nyasi wala nyama. Hula upepo, hushiba upepo, na akivimbiwa hupiga chafya. Mzibe pua asipige chafya, atabomoa nyumba. Nani huyo?

Usiniambie tembo. Tembo tungemwona akija. Huyu tuligawana naye ukuta miaka kumi na tisa, na siku aliyobomoa mimi nilikuwa nimekaa kitandani nakunja nepi.

Ni kompresa, mwenzangu. Lile dubwana la chuma linalojaza hewa ya kupulizia rangi. Marehemu mume wangu aliwaachia wanetu wawili karakana ya kunyoosha magari na kuyapaka rangi, na kompresa ndiyo iliyokuwa moyo wake. Mkubwa tunamwita Kifaru tangu utotoni, maana akikasirika huinamisha kichwa na kukujia mzima mzima. Mdogo ni Daktari. Hakusomea udaktari, ila hutega sikio kwenye mashine kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Hewa ikipungua, wenzake hukimbilia kubadilisha mpira wa hewa. Yeye huchukua brashi na povu la sabuni, akapaka kila maungio taratibu, na panapovuja pakachemka mapovu. "Mgonjwa ameshasema," hucheka, "nyie ndio mlikuwa hamuulizi."

Sasa elewa kitu kimoja. Juu ya tangi la kompresa pana valvu ndogo ya shaba. Sisi tuliiita pua. Hewa ikizidi, pua hufunguka yenyewe, ikapiga ukelele, hewa ikatoka, tangi likapona. Mwaka ule swichi ya kuzima mota ilianza kuchelewa, basi pua ikawa inalia kutwa nzima. Fyuuuu! Unaruka. Unatulia. Fyuuuu!

Chumba changu kipo nyuma ya ukuta wa mabati wa karakana. Nilikuwa namlea mtoto wa Kifaru, wa miezi kumi, homa imemwacha juzi tu. Kila akisinzia, fyuuuu, anashtuka, analia mpaka pumzi inamkatika na midomo inabadilika rangi. Nikamwendea baba yake.

"Mwanangu, hilo dude lako litaniulia mjukuu."

"Mama, linapumua tu hilo. Likinyamaza ndiyo uogope." Akacheka, nami nikadhani ni utani. "Daktari akirudi ataliangalia."

Daktari alikuwa machimboni wiki mbili, anatengeneza mitambo ya watu. Mimi sikuweza kungoja wiki mbili.

Nakwambia wewe, maana wao wakati ule hawakuambiwa. Mchana mmoja watu wote walikuwa wamekwenda kula, tangi halina hewa. Nikachukua spana ya marehemu, nikafungua ile pua, nikatafuta bolti inayoenea pale pale. Nikaizungushia tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba, kama nilivyomwona mume wangu akifanya, nikaikaza mpaka mkono ukaniuma. Pua nikaitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Mtoto akalala saa tatu mfululizo. Nikajiona fundi kuliko mafundi.

Siku nne kukawa kimya. Siku ya tano tangi likapasuka.

Sikusikia mlio. Nilisikia kifua changu kikigongwa kwa ndani, halafu nikajikuta chini, mtoto yuko chini yangu, na ukuta haupo. Mabati yalikuwa yamekunjika kama karatasi. Tangi lilikuwa limetoboa paa na kurudi kulala juu ya gari la mteja. Lile sahani la chuma linaloziba ncha ya tangi lilikuwa limeruka pembeni, chini chini, urefu wa goti, na lilikuta njiani mke wa Kifaru akipita na beseni la nguo.

Mkwe wangu hakulia. Alikaa kwenye maji ya sabuni yaliyokuwa mekundu, akautazama mguu wake uliogeukia nyuma, akaniuliza, "Mama, mtoto mzima?"

"Mzima," nikamwambia. Ndipo akazimia.

Hospitali waliukata juu ya goti.

Daktari alirudi siku ya tatu baada ya ajali. Hakusalimia mtu. Aliokota vipande vyote, hata vilivyovuka uzio, akavipanga chini kama anayeunga chungu kilichovunjika. Kifaru alikaa juu ya tairi, macho mekundu, hajalala tangu ajali. Mafundi wakasimama pembeni. Na mimi nikasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Tangi limeoza tumboni," alisema Daktari, akikwangua kutu kwa bisibisi. "Hamkuwa mnafungulia kila jioni maji yanayojikusanya chini ya tangi. Hilo kosa letu sote. Swichi nayo imegandana, mota haikupata amri ya kuzima. Lakini hata hivyo pua ingeokoa." Akageuza kipande cha juu. "Hapa hapana pua. Kuna bolti."

Kifaru akainuka. "Bolti imefikaje hapo?"

"Imefungwa na mtu." Akaifungua, akaitazama kwa karibu, na ufundi wake ukamponza, maana alisema kabla ya kufikiri. "Tepu imezungushwa kinyume. Ona ilivyovurugika wakati wa kukaza. Hivi huzungusha mtu wa mkono wa kushoto."

Halafu akainua macho, akaniangalia mimi. Mwanangu huyo nilimfunga vifungo vya shati la shule miaka saba kwa mkono huu huu wa kushoto. Rangi ilimtoka usoni. Akaifumbata ile bolti kiganjani.

Lakini Kifaru hakunitazama. Nani humtazama mama yake akitafuta adui? Alimgeukia fundi wa rangi, ambaye karakana nzima ilimwita Shoto kwa kutumia mkono wa kushoto.

"Wewe."

"Bosi, mimi sijagusa..."

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Shoto alipepesuka, akaangukia makopo ya rangi. Kifaru akaokota kipande cha mpira wa hewa chenye kichwa cha chuma mwishoni, akaanza kumchapa nacho mgongoni, mabegani, popote. Chuma kilipotua nyama ilifunguka. Kila pigo swali ni lile lile.

"Nani aliziba pua? Nani?"

"Sijui, bosi! Si ndiye mimi niliyekuuliza mbona kompresa imenyamaza? Ukanijibu hunilipi nisikilize, unanilipa nipake rangi!"

Hilo lilikuwa kweli, na watu wote walilisikia siku ile. Kweli ikamzidisha wazimu. Alimpiga teke la mbavu, nikasikia kitu kikikatika kama kijiti kikavu. Daktari akamrukia ndugu yake shingoni.

"Mwache! Kaka, utaua mtu!"

"Wa kwangu aliyekatwa mguu ni mbuzi?" Kifaru akajipinda, akampiga kisukusuku cha uso. Daktari akaanguka, akatema jino na damu, akainuka tena, akapigwa tena. Safari hii hakuinuka upesi. Aliniangalia kutoka pale chini. Macho yake yaliniuliza unangoja nini.

Nilikuwa nangoja nini? Nitakwambia bila kujipamba. Nilikuwa namwona mkwe wangu anarudi na magongo, ananipa mtoto nimbebe, halafu anajua. Nikasema moyoni, ngumi zitaisha, Shoto ni kijana, atapona. Hivyo ndivyo nilivyosema mimi, mwanamke ninayewafundisha wajukuu wasiseme uongo.

Kifaru alimburuta Shoto kwa kola hadi kwenye meza ya kazi. Pale pana jiriwa, ile ya kubania vyuma. Akautia ndani mkono wa kushoto wa Shoto, akauzungusha mpini. Shoto akapiga kelele kama ile pua, nyembamba, ndefu, isiyokwisha. Mtoto mgongoni kwangu akashtuka, akaanza kulia.

"Bosi, mkono ndio kazi yangu! Nina mama mimi, bosi! Niue, lakini mkono niachie!"

"Mke wangu mguu ulikuwa nini? Pambo?" Kifaru akachukua nyundo ya kunyooshea chesisi, nzito, akaipima kiganjani. Fundi mmoja alisogea. Kifaru akamwonyesha nyundo, fundi akarudi nyuma. "Nahesabu mpaka tatu. Nikifika tatu, huu mkono hutashikia hata kijiko. Nani aliziba?"

"Sijui!"

"Moja."

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamlaza kwenye mapaja ya Daktari pale chini. Daktari akamkumbatia, damu ikamdondokea mtoto kwenye kofia.

"Mbili."

Miguu yangu ilikuwa inatembea kabla sijaiamuru. Nilipita kati ya mafundi, nikakanyaga rangi iliyomwagika, nikafika mezani. Nyundo ilikuwa imeshapanda juu ya bega lake. Nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya mkono wa Shoto, pale pale kwenye jiriwa, vidole vyangu vikongwe juu ya vyake vilivyoanza kuwa vyeusi.

"Mama, toka hapo!" Kifaru alinguruma. "Toka, nitakuumiza! Mimi nataka jibu moja tu. Nani aliziba pua ya kompresa?"

Nikamtazama machoni, yale macho ya marehemu baba yake.

"Mimi, mwanangu. Nilimzibia mwanao apate usingizi."