Mpira Uliokawia Kushuka

Jumamosi moja ya Novemba mwaka 1998, Nzembi alikaa kwenye benchi kando ya uwanja wa Kola, kadi za wachezaji zikiwa kwenye karatasi ya nailoni na muhuri wa klabu mfukoni mwa sweta. Alikuwa katibu wa klabu kwa miaka sita. Hii ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa. Wakishinda, Kola wangepanda ligi ya taifa, na jina lao lingesomwa redioni kila Jumamosi. Wakitoka sare, wangepanda Mji Mpya, timu ya mjini Machakos.

Hadi dakika ya tisini hakuna aliyefunga. Ndipo beki wa Mji Mpya akaushika mpira, na refa Salah, ambaye siku nyingine huuza mbuzi sokoni, akatoa penalti. Mbithi, kaka yake Nzembi, akapiga. Mpira uligonga mwamba, ukapaa, ukasimama hewani mbele kidogo ya lango, juu kuliko mikaratusi.

Salah alitazama saa. "Penalti lazima iishe ndio mechi iishe," akasema. "Tungojee."

Wakangoja. Salah akapewa kitanda kwa mama yake Nzembi, akala isyo, mahindi na maharagwe, pamoja nao, akisifu maharagwe. Jumapili watu walitoka kanisani wakapitia uwanjani kuona kama umeshuka. Golikipa wa Mji Mpya alikuja kila asubuhi kwa baiskeli, akasimama kwenye mstari wake, akala ndizi papo hapo. Jumatatu njiwa alitua juu ya mpira, akasafisha mabawa, akaenda zake.

"Kwani utashuka upande gani?" mama aliuliza.

"Ukiingia ni goli, ukienda nje si goli," Salah akasema. "Mimi ni kuangalia tu, mama."

Jumanne alikuja Mjomba Henry, mwenyekiti wa klabu. Ndiye aliyemfundisha Nzembi kujaza fomu za ligi alipoacha shule darasa la sita.

"Nipatie muhuri," akamwambia. "Kamati inataka barua ya kuomba siku zaidi."

Nzembi hakuiona barua yoyote mkononi mwake. Aliona haya kuuliza. Akampa.

Alhamisi saa nne asubuhi mpira ulishuka. Ulidunda mara moja, ukapita katikati ya miguu ya golikipa, ukalala wavuni.

"Haya basi," golikipa akasema, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Salah alipuliza filimbi ya goli, kisha ya kumaliza mechi. Akaandika ripoti: Kola moja, Mji Mpya bila.

Nzembi aliipeleka mchana huo huo kwenye ofisi ya ligi mjini. Karani, Pauline, aliisoma polepole.

"Kwa hivyo umeshuka."

"Umeshuka leo."

"Goli ni halali," Pauline akasema, akaigonga ripoti muhuri. Kisha akatoa fomu nyingine kwenye faili. "Lakini mwenyekiti wenu alikubali sare Jumanne. Matokeo yalishaenda Nairobi. Pole, dada."

Chini ya sahihi ya Henry palikuwa na muhuri wa Kola, umegongwa sawasawa, bila kupinda. Pauline alizibana karatasi zote mbili pamoja, akafunga faili.

Mwezi wa Januari Mjomba Henry alifika nyumbani amevaa suti ya michezo ya Mji Mpya. Alikuwa meneja wao sasa. Mama alimwekea chai. Henry alikuwa na gunia la jezi mpya za kijani.

"Nzembi, nishonee nambari. Huko mjini hakuna mtu ako na mkono safi kama wako."

Nzembi alizitandaza kwenye meza moja moja, akizilainisha kwa kiganja.

"Ya Mbithi ni gani?"

"Mbithi hatumchukui. Hii ni ligi ya taifa. Mtu wa kugonga mwamba tutampeleka wapi?"

"Liliingia, Mjomba."

"Liliingia Alhamisi," Henry akasema, akasogeza kikombe aongezewe chai.